Maji Hayasemi Yalikoingilia

Kiti cha marehemu baba kiko pembeni mwa sebule, karibu na dirisha linalotazama mwamba wa Tororo, mji wetu wa mashariki mwa Uganda. Mwaka jana, mvua za mwezi wa nne zilianza kukilowesha. Hayakuwa maji ya kumwagika. Lilikuwa tone moja, halafu kimya cha kuhesabu hadi ishirini, halafu tone jingine, pale pale kwenye mto ambao Mama hataki tuubadilishe. Juu yake, kwenye dari, palikuwa na doa la rangi ya chai ya rangi, kingo zake nyeusi kama chapati iliyosahauliwa motoni.

Nilimwita fundi. Alipanda juu ya mabati, akapaka lami mahali palipoelekeana na lile doa, akalipwa, akaenda zake. Mvua ya wiki iliyofuata ikaingia. Akarudi, akaongeza lami. Ikaingia. Mara ya tatu alikuja na kopo kubwa zaidi, akashuka akijifuta mikono na kusema, "Madamu, sasa hapa hata Nuhu angelala." Siku mbili baadaye nilikuwa nimesimama sebuleni usiku wa manane, sufuria mkononi, nikilivizia tone gizani, maana umeme nao ulikuwa umekatika.

Jirani yetu ni mzee mstaafu wa reli. Alifanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya Nalukolongo, Kampala, kabla ya kurudi huku kulima mihogo na kuwasahihisha watu. Asubuhi alinikuta naanika mto uani. Hakuuliza fundi ni nani wala nimemlipa ngapi. Aliuliza jambo moja: "Binti yangu, umeingia darini?"

"Sijaingia, Mzee."

"Basi hujui kinachovuja. Maji hayasemi yalikoingilia. Yanakuonyesha yalikotokea tu."

Nimeandika haya kwa sababu ya sentensi hiyo. Nilidhani anazungumzia paa. Mwaka mmoja baadaye, baada ya kushughulika na ukuta, bomba, baraza, mlango na soketi mbili, naona karibu kila pesa niliyopoteza katika nyumba hii niliipoteza kwa kutengeneza pale palipoonekana pameharibika.

Tulingoja mchana wa jua kali. Mzee alinifundisha kufunga milango na madirisha yote, kupanda darini, kuzima tochi na kutulia mpaka macho yazoee giza. Ukitulia vya kutosha paa linaanza kutoa nyota. Kila tundu, hata la ncha ya sindano, linapitisha mwale wake. Unachomeka kipande cha waya mwembamba katika kila nyota ili atakayepanda juu ya mabati ajue pa kwenda. Nilihesabu nyota kumi na moja. Hakuna hata moja iliyokuwa juu ya kiti cha baba.

(Ukiwa darini, kanyaga mbao nene tu. Zile mbao nyembamba za dari zimewekwa kubeba rangi na buibui, hazikuwekwa kubeba mtu. Binamu yangu wa Malaba anaweza kukuthibitishia. Mguu wake ulitokeza jikoni wakati wifi anapika posho.)

Tundu lenye kosa lilikuwa karibu mita mbili na nusu kutoka kwenye doa, juu zaidi, kuelekea kwenye kofia ya paa. Msumari ulikuwa umelegea na raba yake imekauka ikapasuka. Maji yaliingia hapo, yakashika ubavu wa kenchi, mbao inayobeba paa, yakateremka nao polepole hadi kwenye ncha ya msumari mwingine uliotokeza nje ya mbao, na hapo ndipo yalipoachia. Njia yake ilikuwa wazi kabisa kwenye mbao, mstari mweusi kama wino. Lami yote ile ya mara tatu ilikuwa imepakwa juu ya bati zima, lisilo na kasoro.

Mzee alinieleza kwa nini misumari ya paa hulegea. Mchana bati linapata moto na kutanuka, mvua ya saa tisa inalipoza ghafla nalo linanywea. Hivyo kila siku, mwaka baada ya mwaka, msumari unavutwa kidogo kidogo kama jino la mtoto. Tukagundua pia kwamba misumari mitatu ilikuwa imepigwa kwenye bonde la bati badala ya kwenye mgongo wake. Bonde ndiyo barabara ya maji. Ukitoboa barabara ya maji, hata raba iwe mpya, unacheza kamari.

Kazi yenyewe ilituchukua asubuhi moja. Tuling'oa misumari iliyolegea na mahali pake tukafunga skrubu za bati, nene kidogo kuliko msumari wa zamani, zenye raba, maana mbao chini ilikuwa bado ngumu. Yale matundu ya mabondeni tuliyaziba hivi: unasugua bati kwa brashi ya waya mpaka kutu na vumbi viondoke, unafuta, unaacha likauke, unapaka lami, unalaza kipande cha kitambaa cha pamba juu yake, halafu lami tena mpaka kitambaa kisionekane. Lami haishiki kwenye vumbi, kutu wala unyevu. Ile ya fundi niliibandua kwa vidole, ikatoka nzima kama utandu wa maziwa.

Ukiwa juu ya mabati fuata mistari ya misumari, kwa sababu chini yake kuna mbao. Katikati ya mistari bati litapinda na kesho utakuwa na kidimbwi. Ngazi isimame hivi: kila mita nne za kwenda juu, mguu wake uwe mita moja mbali na ukuta. Ikisimama wima zaidi itakuangusha kinyumenyume, ikilala zaidi itateleza. Ukienda dukani kununua bati la kubadilisha, kumbuka kwamba namba ya geji inakwenda kinyume: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Niliwahi kununua 32 nikijiona mjanja kwa kupata namba kubwa kwa bei ndogo.

Jambo moja silifanyii mzaha. Nyumba nyingi za zamani za serikali na za reli ziliezekwa kwa asibesto, yale mabati mazito ya kijivu yanayofanana na saruji. Ukiishi chini ya paa la namna hiyo, usilitoboe, usilikate, usilisugue. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na ugonjwa wake hujitokeza baada ya miaka mingi.

Baada ya paa nikapata kiburi. Nikaugeukia ukuta wa chumba cha Mama.

Ukuta huo ulikuwa unavimba rangi kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. Nilikuwa nimeupaka rangi mara mbili katika miaka minne, mara ya pili kwa rangi ya bei, ile ambayo muuzaji huapa kwamba maji hayaipiti. Kila mara baada ya miezi michache rangi ilijaa malengelenge, na ukiyabonyeza yanatoa unga mweupe kama chumvi. Na ni chumvi kweli. Maji yanapanda ndani ya tofali, yanabeba chumvi za udongo, yanafika usoni mwa ukuta na kukauka, chumvi inabaki na kuisukuma rangi itoke. Rangi ngumu inafanya mambo yawe mabaya zaidi, kwa kuwa inayafungia maji ndani.

Kwanza nilitaka kujua kama unyevu unatoka ukutani au ni wa pumzi za waliolala na mvuke wa nguo zilizoanikwa ndani. Kuna njia rahisi. Kata kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne, kiache siku moja au mbili. Matone yakijikusanya chini ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa juu ya nailoni, upande wa chumba, fungua madirisha na acha kumlaumu fundi mwashi. Yangu yalikuwa chini.

Nikatoka nje, nikazunguka. Na hapo nikaona aibu yangu mwenyewe: bustani ya maua. Kwa miaka nilikuwa nikirundika udongo na samadi ukutani ili maua yapendeze, mpaka udongo wa nje ukawa juu kuliko sakafu ya ndani. Tena upande huo paa halikuwa na mfereji. Piga hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Upande ule wa paa una kama mita za mraba arobaini. Mvua moja ya milimita ishirini, ambayo hapa Tororo hata hatuihesabu kuwa mvua kubwa, inamwaga lita mia nane chini ya dirisha la Mama. Ni jerikeni arobaini, alasiri moja, zikinyweshwa ukuta.

Nilichimba udongo kwa siku mbili mpaka ukawa chini ya sakafu kwa zaidi ya shibiri, nikaelekeza mteremko upande wa barabara, nikaweka kokoto mahali maji yanapoangukia ili yasiruke ukutani. Kisha mfereji. Siri ya mfereji ni kuupa mteremko mdogo tu. Unafunga uzi kutoka ncha hii hadi ile, unaushusha sentimita moja kwa kila mita mbili au tatu, na kuufuata. Ukitumia jicho utadanganyika, maana jicho linafuata ubao wa paa, na ubao wenyewe huwa umepinda. Sasa maji hayo yanaingia kwenye tangi. Ukuta niliuacha wazi bila rangi miezi mitatu mizima. Mama alilalamika kwamba chumba kinafanana na gofu. Nilivumilia. Kisha nikakwangua, nikapaka chokaa, ambayo huuacha ukuta upumue. Mvua mbili zimepita na hakuna lengelenge.

Bomba la jikoni ni hadithi fupi na ya kijinga. Lilikuwa linadondoka, na ukilikaza zaidi linadondoka zaidi. Kila mtu hulikaza, na huko kukaza ndiko kunakomaliza kile kiraba kidogo kinachokaa ndani kuziba maji. Kiraba chenyewe ni pesa ya mandazi. Unafunga koki kuu, unafungua bomba ili maji yaliyobaki yatoke, unaziba tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu isitoroke, unafungua kichwa kwa spana, unatoa kiraba kilichochakaa, unakwenda nacho dukani mkononi ili usinunue kisicholingana, unarudi na kufunga. Dakika kumi na tano, ukiondoa maneno ya dukani.

Mimi nilianza na spana. Koki kuu nilikuwa nimeizungusha, nikahisi imekaza, nikaamini imefunga. Ilikuwa imeganda, haikuwahi kuguswa tangu baba alipoiweka. Kichwa cha bomba kiliruka hadi kwenye kabati na maji yakapiga dari. Mama alikuja mlangoni na kanga yake, akatazama, akasema, "Sasa umepata la kuandika." Kwa hiyo, kama kuna jambo moja utakalofanya leo baada ya kusoma hapa, nenda kaijaribu koki kuu ya nyumba yako. Ifunge, ifungue, na uirudie kila baada ya miezi michache. Siku ya kuihitaji hutakuwa na nafasi ya kuibembeleza.

Ukiwa hapo kwenye mita ya maji, funga mabomba yote ndani na utazame kile kigurudumu kidogo. Kikizunguka wakati hakuna anayetumia maji, kuna mahali panavuja. Mara nyingi ni choo. Weka rangi ya chakula kidogo ndani ya tangi la choo, ngoja robo saa bila kuvuta maji. Rangi ikionekana bakulini, raba ya chini ya tangi haizibi. Niliifanya hiyo kwa dada yangu, na bili yake ya maji ilipungua mwezi uliofuata. Bado hajanishukuru.

Saruji nitakaa nayo kidogo, kwa sababu inaniuma. Tororo ni mji wa saruji. Kiwanda kimekuwa hapa tangu miaka ya 1950, malori yanapita usiku na mchana, na vumbi lake tumelila tangu utotoni. Ungedhani tumezaliwa tunajua kuitumia. Baraza letu lilikuwa na ufa unaoweza kuingiza kidole, nami nikauziba mara mbili, na mara mbili kiraka kikatoka kizima kama kigae.

Makosa yangu yalikuwa manne, nayo nayaona kila ninakopita. Nilichanganya nusu mfuko mchana wa jua, nikaenda kula, nikarudi nikakuta imeanza kuwa ngumu, nikaongeza maji. Saruji haikauki kama nguo. Inashikana kwa kufanya kazi na maji, na kazi hiyo ikishaanza huwezi kuirudisha nyuma. Ukiongeza maji baadaye unapata kitu kinachofanana na saruji kwa sura tu. Changanya kiasi utakachomaliza ndani ya saa moja. Kosa la pili, niliujaza ufa juu juu bila kuupanua. Ufa unachongwa kwa patasi mpaka uwe mpana chini kuliko juu, ili kiraka kikae kama jino kwenye fizi. La tatu, niliuacha mkavu na wenye vumbi, kwa hiyo zege la zamani likanyonya maji yote ya kiraka kabla hakijashikana. Fagia, lowesha vizuri, paka uji mwembamba wa saruji, halafu ndipo ujaze: saruji kipimo kimoja, mchanga safi vipimo vitatu au vinne. La nne ndilo kubwa. Niliacha jua likipike. Sasa nafunika kwa gunia na kulimwagia maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Watoto wa jirani waliniuliza kama namwagilia baraza ili limee.

Na mchanga usonge mkononi kabla ya kuununua. Ukiacha tope kwenye kiganja, urudishe. Tope ndilo adui ambaye muuzaji hakutajii.

Kuna ufa mwingine ambao sikuuziba. Uko kona ya nyumba, umepanda kwa ngazi kufuata tofali. Mzee aliniambia nichore mstari wa penseli kwenye ncha zake mbili na kuandika tarehe. Ukitulia, ni alama ya zamani. Ukivuka penseli, msingi unaondoka, na hapo anahitajika mtu aliyesomea. Penseli yangu ina miezi minane na ufa haujaivuka. Siutazami kila siku, ila nautazama.

Mlango wa mbele ulikuwa unagoma kufunga mwezi wa tano. Nilitaka kuupiga randa. Mzee alinishika mkono: mbao huvimba wakati wa mvua na kunywea kiangazi, ukiuranda leo, mwezi wa kwanza utakuwa na mwanya wa kupitisha panya. Pitisha mshumaa au sabuni kavu pale panaposuguana, ungoje jua. Kabla ya hayo tazama bawaba, maana mlango mara nyingi hauvimbi, unainama tu kwa sababu skrubu za bawaba ya juu zimelegea. Jaza tundu kwa njiti za kibiriti zilizopakwa gundi ya mbao, kata kilichozidi, kaza skrubu tena. Kitasa kinachokwama usikipe mafuta ya kupikia, yatashika vumbi na kuwa gundi. Unga wa risasi ya penseli unatosha.

Mchwa nao wana tabia ile ile ya maji. Fremu ya dirisha la stoo ilikuwa nzima kwa macho, nilipoigonga ikatoa sauti ya ngoma. Ndani walikuwa wamebakiza rangi. Mtu hukimbilia kupulizia dawa pale pale kwenye mbao. Tafuta kwanza kile kichuguu chembamba cha tope kinachopanda ukutani kutoka ardhini. Hiyo ndiyo barabara yao, na dawa inapaswa kwenda kwenye udongo inakoanzia. Vunja kipande cha barabara hiyo ukiangalie kesho yake. Wakiijenga upya, bado wapo. Sisi watu wa huku tuna uhusiano wa ajabu na wadudu hawa: mwezi huu tunawalaani kwa kula fremu, mwezi ujao kumbikumbi wakiruka tunawakimbilia na beseni.

Sasa umeme, ambako mkono wangu unasimama mapema.

Nina sababu. Tororo imewahi kuandikwa katika vitabu vya rekodi kwa radi: kati ya 1967 na 1976 ilisikika wastani wa siku 251 kwa mwaka. Tulikua tukijua kuchomoa redio kabla Mama hajapiga kelele. Mpaka leo, wingu likijikusanya nyuma ya mwamba, televisheni na friji vinatoka kwenye soketi, na waya wa antena pia, maana watu huchomoa umeme wakasahau antena iliyosimama juu ya paa ikingoja. Waya wa ardhini, ule unaoshuka kwenye chuma kilichozikwa nje, si pambo. Nenda uutazame kama bado umeshika. Wetu ulikuwa umekatwa na jembe. Jembe la nani, tusiulizane. Nimeshataja bustani ya maua.

Ninayofanya mwenyewe ni machache: kubadilisha balbu, kubadilisha plagi, kubadilisha fyuzi ya plagi. Soketi ya jikoni ilikuwa imeanza kuwa nyeusi na kunuka plastiki. Nilibadilisha soketi. Baada ya miezi miwili ikawa nyeusi tena. Unajua tayari tunakoelekea. Soketi haikuwa mgonjwa. Birika letu ni la wati 2,000, pasi ni wati 1,200 na kitu, na tulikuwa tumevichomeka vyote kwenye waya mmoja wa kurefusha, mwembamba kama wa chaja. Gawanya wati kwa volti 240 na utapata ampea: birika peke yake ni zaidi ya nane, ukiongeza pasi unavuka kumi na tatu, ambayo ndiyo ukomo wa soketi. Fyuzi ya plagi ilitakiwa iungue kutuokoa. Nilipoifungua nikakuta mtu aliwahi kuifunga kwa karatasi ya sigara, ile ya kung'aa. Nilikaa chini kidogo.

Kwa hiyo ukikuta fyuzi au swichi kuu inakatika kila mara, usiitafutie dawa ya kuinyamazisha. Inakuambia jambo. Na kama unafunga plagi, waya wa kahawia ndio wenye moto, wa bluu ndio wa kurudi, wa kijani chenye mistari ya njano ni wa ardhini. Katika nyumba za zamani kama yetu, mwekundu ndio wenye moto na mweusi ndio wa kurudi. Usiamini rangi kabla ya kuzima swichi kuu na kupima kwa testa, tena testa uliyoijaribu kwanza mahali penye umeme ili ujue inafanya kazi. Zaidi ya hapo, ndani ya ukuta, kwenye boksi la swichi kuu na kwenye mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, mimi si mtu wa kugusa. Wapo mafundi wenye kibali cha mamlaka ya umeme, na ni halali yako kumwomba fundi akuonyeshe kibali chake kabla hajafungua begi. Anayechukizwa na swali hilo amekujibu.

Vifaa vyangu vyote vinaingia kwenye ndoo moja: nyundo ya kung'olea misumari, bisibisi mbili, koleo, spana ya kurekebishika, patasi, mwiko, brashi ya waya, testa, utepe wa kupimia, uzi, penseli na tochi ya kichwani. Nilianza kwa kununua seti ya vipande arobaini kutoka kwa kijana wa barabarani. Bisibisi yake ya kwanza ilijisokota kama mkate wa sukari.

Yule fundi wa lami nilikutana naye tena mwezi uliopita, dukani, akinunua kopo. Akaniuliza kwa adabu, "Madamu, lile paa vipi?" Nilikuwa nimejiandalia maneno makali mwaka mzima. Badala yake nikamwambia aje anione. Alikuja jioni. Nikampa tochi, akapanda darini, nikamwelekeza kwenye ule mstari mweusi ubavuni mwa kenchi. Alikaa huko juu kitambo, kimya. Aliposhuka alikuwa na utando wa buibui kichwani.

"Mimi siku ile nilikuomba niingie darini," akasema. "Ukaniambia nitamwaga vumbi kwenye viti."

Nikatafuta la kujibu, nikakosa. Mama, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba akimenya karanga, alisema ni kweli, alisikia kwa masikio yake.

Fundi aliiazima tochi ile aende nayo Jumamosi kwenye nyumba moja karibu na stesheni, ambako paa linavuja juu ya kabati la vyombo. Hajairudisha.